Sifuri na Sijui

Kulikuwa na wakati betri zilianikwa juani kama dagaa. Mchana wa jua kali ungeziona juu ya bati, kwenye ukingo wa dirisha au pembeni mwa uwanja, mbili au nne au sita, zimelazwa kwa mstari. Zilikuwa betri kubwa za redio na tochi. Jioni zilirudishwa ndani, zikagongwa kidogo sakafuni, nyingine zikang'atwa ubavuni, kisha redio ikawashwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikasikika, angalau mpaka sauti ianze tena kuzama.

Wapo waliowacheka waanikaji, lakini walikuwa na hoja. Betri za zama zile, za zinki na kaboni, huendeshwa na kemikali, na kemikali ikipata joto huchangamka. Betri iliyochoka ilikuwa bado na kitu ndani, na jua lilikilazimisha kitoke. Hakuna kilichoongezwa. Ilikuwa ni kukomba sufuria.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri zake za National zikawa ndizo betri kwa kizazi kizima. Zilitengenezwa hapahapa mjini, zikauzwa kwenye kila genge, na hakuna hata moja iliyoweza kumwambia mnunuzi imebakiwa na nini. Ulijua kwa dalili tu: mwanga wa tochi umegeuka njano, mtangazaji anaongea kama amefunikwa blanketi. Mtungi wa gesi wa jikoni hadi leo tunautikisa kwa njia hiyohiyo, tukisikiliza.

Miaka ya 1990 TANESCO ilianza kufunga mita za LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na kwa mara ya kwanza kaya za kawaida zikapata namba ukutani inayosema kilichobaki. Baadaye ikaja simu ya mkononi na mistari yake ya chaji, kisha asilimia. Wewe unayesoma haya kwenye simu unayo namba hiyo kwenye kona ya juu ya kioo, na huenda umeshaitazama mara kadhaa leo bila kujiuliza imetoka wapi.

Namba hiyo ni kisio. Ndani ya betri hakuna kijiti cha kuchovya kama cha oili ya gari. Kinachopimika kwa urahisi ni volteji, yaani nguvu ya msukumo wa umeme, ambayo kipimo chake kinabeba jina la Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye droni ikijaa husoma volti 4.2. Ikitumika hushuka upesi kidogo, halafu hukaa muda mrefu karibu na volti 3.7 kama mtu aliyeamua kutosema lolote, halafu mwishoni huporomoka ghafla. Atakayetegemea volteji peke yake atadhani ana nusu ya safari wakati amebakiwa na kona moja. Kwa hiyo wahandisi huongeza kipimo cha pili: huhesabu mkondo wote uliotoka tangu betri ijazwe, kama mama ntilie anayehesabu sahani zilizokwisha kwenda badala ya kuchungulia sufuria.

Kwenye simu, kisio kikikosea unapoteza mazungumzo. Kwenye kitu kinachoruka juu ya mabati ya Tandale, hesabu ni nyingine.

Tandale haikuanza kurukiwa kwa sababu ya teknolojia. Ilianza kwa sababu ya maji. Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam kwa siku kadhaa mfululizo. Bonde la Msimbazi lilijaa. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadhi ya familia zilizopoteza makazi zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Waokoaji na wapangaji walipotafuta ramani ya sehemu zilizozama waligundua kitu ambacho wakazi wake walikijua siku zote: kwenye karatasi nyingi, sehemu hizo hazikuwepo.

Hili lina historia. Dar es Salaam ilitengenezewa mpango mkuu mwaka 1949, ukafuata wa 1968, kisha wa 1979. Katika miaka ya 1970 mradi wa viwanja na huduma uliokopewa fedha za Benki ya Dunia ulipima Sinza na Kijitonyama, na ndiyo maana hadi leo ukitembea Kijitonyama unakuta mitaa iliyonyooka na kona zenye mantiki. Ukivuka kidogo tu kuingia Tandale, njia zinapinda kufuata nyumba badala ya nyumba kufuata njia. Mji ulikua kuliko mipango yake, na zaidi ya nusu ya wakazi wakaishia kwenye maeneo ambayo lugha ya ofisi iliyaita yasiyopimwa. Kwenye ramani, neno hilo lilichorwa kwa rangi moja tupu, au halikuchorwa kabisa. Afisa aliyeitazama karatasi hiyo hakuona mitaro, vyoo, misikiti wala visima, na mtu akizoea kutoviona ni rahisi kupanga bajeti kana kwamba havipo.

Mwaka huohuo wa 2011, kabla ya mafuriko ya Desemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na vijana wa Tandale walikuwa wamezunguka kata hiyo na vifaa vya GPS, wakiandika njia na huduma zake kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuliwa kuwa Ramani Huria. Iliwaweka pamoja Benki ya Dunia, COSTECH, Msalaba Mwekundu, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wakazi wa kata zenyewe. Kinondoni, ambayo wakati ule ilikuwa bado imeibeba Ubungo, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo.

Walihitaji picha kutoka juu. Picha za setilaiti zilikuwepo, lakini setilaiti haioni chini ya mawingu, na msimu wa mvua ndio hasa msimu wa mawingu. Isitoshe mtaro wa Tandale unaweza kuwa na upana wa hatua moja ya mtoto. Ukitazamwa kutoka umbali wa mamia ya kilomita hupotea ndani ya kivuli cha bati. Droni ikiruka chini ya mawingu huona kwa sentimita. Ile iliyotumika sana miaka hiyo ilikuwa eBee ya kampuni ya senseFly ya Uswisi, kijidege cha povu chenye uzito usiofika kilo moja, ambacho mtu alikitikisa ili injini iwake kisha akakirusha kwa mkono. Mtengenezaji alisema kinaweza kukaa angani hadi dakika 50. Kuruka kwenyewe kulihitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ridhaa ya wizara ya ulinzi. Mwaka 2016 kazi kama hiyo ikaanza Zanzibar, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakifundishwa urubani, kwa lengo la kupiga picha Unguja na Pemba nzima.

eBee ilikuwa na ubongo wa kiwandani, uliofungwa. Ikileta matatizo unaiandikia kampuni. Lakini pembeni yake kulikuwa na historia nyingine, na hiyo ndiyo iliyofika kwenye meza za mafundi wa Dar es Salaam.

Mwaka 2007 Mmarekani Chris Anderson, mhariri wa jarida la Wired, alianzisha jumuiya ya mtandaoni ya watu wanaojitengenezea droni. Kijana mmoja kutoka Tijuana, Mexico, Jordi Muñoz, alionyesha humo helikopta ya kuchezea aliyoiongoza kwa vihisi alivyovitoa kwenye kidude cha mchezo wa Nintendo na bodi ndogo ya Arduino. Wawili hao walianzisha kampuni mwaka 2009. Huko Zürich, mwanafunzi Lorenz Meier alikuwa akijenga na wenzake bodi iliyoitwa Pixhawk, na mwaka huohuo wa 2009 alitoa MAVLink, lugha fupi ambayo droni huitumia kuongea na kompyuta iliyo chini. Vyote vilitolewa wazi. Michoro ilipakuliwa bure, viwanda vya China vikaichapa kwa bei nafuu, na baada ya miaka michache mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kuagiza ubongo wa droni kwa bei ya simu ya kati, au akaupokea ndani ya begi la ndugu anayerudi safari.

Pamoja na ubongo huo alipokea pia magonjwa yake. Mojawapo ni hili: droni inawaka, taa zinamulika, vihisi vyote vinaongea, ila pale skrini inapotakiwa kuonyesha hali ya betri hakuna kitu.

Nimeushuhudia ugonjwa huo kwenye chumba cha fundi mmoja Kijitonyama, si mbali na kituo cha Sayansi. Mzee huyo alianzia kwenye redio, akaenda kwenye televisheni, sasa anapokea chochote chenye waya. Kijana aliingia na droni ya mapanga manne chini ya kwapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Haijafa. Inaruka vizuri tu. Ila betri haionekani."

"Haionekani, au inaonekana sifuri?"

Kijana alikaa kimya kidogo. Hakuwa ameona kama kuna tofauti. Mzee alivuta kiti.

Alianza kwa swali lililomfanya kijana acheke: je, hapo inapowaka, betri imechomekwa, au inakula umeme wa kompyuta? Bodi ya aina hii huamka kwa volti tano zinazopita kwenye waya wa USB, na itaamka vizuri kabisa hata kama betri iko nyumbani kabatini. Wengi wanaolalamika kwamba betri haisomwi, hawajaichomeka. Huyu alikuwa ameichomeka.

Kisha wakaingia kwenye mipangilio. Katika ArduPilot, programu inayoendesha bodi nyingi kati ya hizi, kuna kigezo kimoja kinachoamua kama betri itasikilizwa. Kikiwa 0, bodi haijali kabisa. Kikiwa 3 inasoma volteji peke yake, kikiwa 4 inasoma volteji na mkondo. Na ukikibadilisha lazima uzime na kuwasha upya, kwa sababu vigezo vingine vya betri havijitokezi hadi bodi iamke tena. Mtu asiyejua hilo huhangaika usiku kucha akitafuta kitu kilichofichwa nyuma ya kuzima na kuwasha. Cha kijana kilikuwa 4. Vigezo viwili vinavyofuata huiambia bodi ni pini zipi za kusikiliza, na pini hutofautiana kati ya bodi na bodi, kwa hiyo aliyenakili mipangilio ya rafiki anaweza kuwa anasikiliza mlango wa nyumba ya jirani. Zipo pia moduli mpya zinazotuma vipimo kwa njia ya kidijitali. Ukiichomeka moja ya hizo kwenye bodi iliyopangwa kusikiliza volteji, ni kama kumpigia simu mtu anayesubiri barua.

Yote yalikuwa sawa. Mzee akaiacha kompyuta, akachukua testa.

Hapa ndipo inafaa kueleza kwa nini droni inaweza kuruka vizuri huku haiijui betri yake. Kati ya betri na ubongo kuna kipande kidogo kinachoitwa moduli ya umeme. Kina kazi mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni kupunguza umeme wa betri kuwa volti tano na kuulisha ubongo. Ya pili ni kuutolea taarifa. Waya unaotoka humo hadi kwenye bodi una nyuzi sita: mbili zinapeleka chakula, mbili ni za kurudisha umeme, na mbili za katikati zinapeleka habari, mmoja wa mkondo na mmoja wa volteji. Nyuzi za chakula zikiwa nzima na za habari zimekatika, ubongo unashiba bila kujua chakula kinatoka wapi wala kimebaki kiasi gani. Sitaki kuvuta mfano huu hadi kwa viongozi wa nchi yoyote. Msomaji ana uwezo wake.

Uzi wa volteji haubebi volteji yenyewe. Betri ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, na hizo zingeichoma chipu inayosoma, ambayo imezoea volti tatu na ushei. Kwa hiyo rezista mbili huigawa. Moduli ya kawaida hugawa kwa takriban kumi, na programu ikipokea hicho kidogo hukizidisha tena kwa kigezo cha 10.1 kupata namba ya kuonyesha. Yaani kwenye uzi ule, betri ikiwa imejaa, testa ilitakiwa ionyeshe karibu volti 1.25.

Kwenye moduli ilionyesha hivyo. Kwenye ncha ya upande wa bodi haikuonyesha kitu. Mzee aliushika uzi kwa kucha mbili, akauvuta taratibu, ukatoka kwenye plagi bila ubishi. Kijipande cha chuma kilichotakiwa kuung'ang'ania kilikuwa kimefunguka, pengine tangu siku ya kwanza ulipochomekwa kwa nguvu. Alikibana kwa ncha ya sindano, akaurudisha, wakawasha. Namba ilikuja: 12.1. Akapima betri yenyewe kwa testa: 11.8. Akarekebisha kile kigezo cha kuzidisha mpaka viwili vikubaliane, akasema namba inayodanganya kidogo ndiyo inayoangusha watu, kwa sababu inaaminika.

Lile swali lake la mwanzo ndilo lililonifanya niandike haya. Haionekani, au inaonekana sifuri?

Neno sifuri tulilipata kwa Waarabu, na kwao sifr lilikuwa na maana ya utupu. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe vimelala vitu viwili: namba, na kukosekana kwa namba. Katika maisha ya kawaida havigombani. Kwenye bodi vinagombana vibaya. Ikiwa betri ina volti sifuri, hiyo ni habari, tena nzito. Ikiwa hakuna aliyepima, hiyo ni habari tofauti kabisa, na atakayezionyesha zote mbili kwa alama moja amemficha rubani jambo analolihitaji kuliko yote.

Waliotunga MAVLink walilifikiria hili. Katika ujumbe ambao droni huutuma chini kueleza hali yake, asilimia ya betri inaweza kuwa 0 hadi 100. Lakini kama bodi haijui, inatakiwa itume -1. Betri haiwezi kubakiwa na hasi moja, na kwa kuwa haiwezekani, namba hiyo ilipewa kazi ya kusema sijui. Kwa volteji, ambayo ujumbe huo hauiachii nafasi ya hasi, walichagua namba kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye nafasi yake, 65,535. Vipimo hivyo huhesabiwa kwa elfu za volti, kwa hiyo programu ya chini isiyoijua desturi hii inaweza kumwonyesha rubani betri ya volti 65.5. Ni upuuzi, lakini nadhani ni upuuzi wenye faida kuliko sifuri tulivu. Unakushtua. Unakufanya uulize.

Upo pia uongo wa tatu. Pini isiyounganishwa na kitu chochote haisomi sifuri kila mara. Hutangatanga, ikiokota umeme wa hewani na wa pini za jirani, ikaleta namba inayopanda na kushuka kama kitu kilicho hai. Mtu akiitazama kwa sekunde mbili ataamini.

Kinachotegemea namba hii ni zaidi ya macho ya rubani. Droni hizi hupangiwa kwamba volteji ikishuka chini ya kiwango fulani, ziache kazi na zirudi zenyewe zilikoondokea. Kama hakuna kinachosomwa, ulinzi huo umekufa na hakuna kengele itakayolia. Kitakachofuata ni mapanga kuzubaa na kilo moja au mbili za plastiki na lithiamu kushuka juu ya kata ambayo nyumba zake zimegusana bati kwa bati, jikoni kuna mkaa, na uchochoroni gari la zimamoto halipiti. Betri ya lithiamu ikipondwa inaweza kushika moto wa ghafla. Kwenye ramani iliyoachwa tupu ungeweza kudhani chini hakuna mtu.

Ramani Huria ilipoendelea, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwauliza wakazi maji yalifika wapi. Kwenye kifundo cha mguu, magotini, kiunoni, au juu ya kichwa? Hakukuwa na vipimo vya maji kwenye mitaa ile. Kulikuwa na mama aliyekumbuka kwamba maji yalifunika kitanda cha chini lakini hayakugusa soketi. Waliuliza nyumba kwa nyumba, wakaandika, na majibu hayo yakawekwa juu ya picha za droni. Naiona kazi hii kama ileile ya mzee wa Kijitonyama: kutoka kwenye skrini tupu, kuufuata uzi nyuma kituo kwa kituo, mpaka mahali ambapo kipimo kilikuwepo muda wote ila hakikuwa kikifika.

Betri zenyewe zina uzi wao wa kufuatwa. Betri ya lithiamu inayochajika iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, baada ya kazi ya miaka mingi ya Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough na wenzake huko Oxford ndio walioonyesha mwaka 1980 kwamba oksidi ya kobalti inaweza kubeba upande mmoja wa betri hiyo, na betri nyingi za droni bado zinafuata njia hiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwenye ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji husemezana kwa Kiswahili chao cha Katanga. Sehemu yake husafiri kwa malori kupitia Zambia, huingia Tunduma, hukata nchi nzima, na kufika bandarini Dar es Salaam, upande wa Temeke. Inapita karibu kabisa na mitaa ambayo betri zilianikwa. Haishuki hapa. Hupanda meli, huenda Asia, na hurudi ikiwa imevishwa plastiki inayong'aa na maandishi ya tahadhari, mara nyingi ndani ya begi la mkononi la abiria, kwa kuwa mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba za aina hii kwenye mizigo ya chini, na zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji ruhusa yao.

Ikishafika haiishi milele. Kila kuchajiwa na kutumika kunaila kidogo, na joto la mji huu linaila zaidi. Betri iliyozeeka inaweza kusoma volti 4.2 kwa kila seli asubuhi, namba kamili, isiyo na kasoro, halafu ikaanguka mara tu mapanga yanapodai nguvu. Hakuna kigezo cha kuzidisha kitakachoirekebisha. Ndiyo maana warushaji makini hubandika kipande cha plasta kwenye kila betri na kuipa namba kwa kalamu ya wino mzito, kisha huweka daftari. Tarehe, namba ya betri, volti kabla ya kuruka, dakika za angani, volti baada ya kutua, kila seli kwa testa, hata kama skrini imeshasema. Safu ya mwisho ni ya maneno. Imepata joto. Imevimba kidogo. Isirushwe.